Kutapika si Kutubu

Masomo: 2 Samweli 11 na 12:1-13, Marko 7:20-23, Luka 19:1-10, Mathayo 1:6

 

Juma hii tunajibu maswali mawili ya vijana wetu. La kwanza: je, Mkristo anaweza kuangalia filamu inayoonyesha ubaya wa binadamu mpaka mtu anakosa usingizi? La pili: kama mtu wa kawaida, mwenye watoto na wajukuu, anaweza kutenda mambo kama hayo, je, bado tunaweza kusema kwamba binadamu ni mwema? Swali la kwanza tutalijibu kwa maneno machache. La pili ndilo zito, na Neno la Mungu lina jibu.

Filamu za namna mbili

Sote tunajua zile filamu zinazoonyeshwa katika vyumba vya video vya kartie zetu. Mtu mmoja anaua watu hamsini, anavaa miwani myeusi, muziki unapigwa, na watoto wanapiga makofi. Filamu kama hiyo haisumbui mtu. Inafanya kuua kuonekana kuwa mchezo mtamu. Tunawaambia wazazi wazi: angalieni watoto wenu wanaingia wapi jioni.

Lakini kuna filamu nyingine zinazoonyesha ubaya kwa namna ambayo haumfurahishi mtu. Ukitoka hapo unanyamaza. Kuna ndugu wanaotukumbusha Wafilipi 4:8, kwamba tuyatafakari yaliyo safi na yenye kupendeza. Ni kweli. Ila tusisahau kwamba mstari huo unaanza na yaliyo ya kweli. Tena Biblia yenyewe haifichi kitu. Someni Waamuzi 19, habari ya yule mwanamke aliyeuawa Gibea. Mwili wake ulikatwa vipande kumi na viwili, vikapelekwa katika mipaka yote ya Israeli, ili kila kabila lione na kufanya shauri. Mungu hakuruhusu habari hiyo iandikwe ili tufurahi. Iliandikwa ili tusiweze kusema kwamba hatukuona.

Basi leo tuzungumze juu ya filamu moja ya namna hii ya pili.

Mzee wa Medan

Filamu hiyo inaitwa The Act of Killing, na kwa lugha ya Indonesia inaitwa Jagal, maana yake mchinjaji. Ilitoka mwaka 2012. Mwongozaji wake ni Joshua Oppenheimer, mzaliwa wa Marekani. Inahusu mambo yaliyotokea Indonesia mwaka 1965 na 1966. Majenerali sita waliuawa usiku mmoja, jeshi likakishtaki chama cha Wakomunisti, na baada ya hapo watu wakaanza kuwindwa nchi nzima: wakulima, walimu, watu wa vyama vya wafanyakazi, Wachina. Wanaohesabu wanasema waliouawa ni kati ya nusu milioni na milioni moja. Wengi hawakuuawa na askari. Waliuawa na raia, tena mara nyingi raia wa mji wao wenyewe. Na wauaji hawakupelekwa mbele ya hakimu. Walibaki kuwa watu wakubwa.

Oppenheimer alianza kwa kuwasikiliza walionusurika. Walipotishwa, wao wenyewe walimshauri awaendee wauaji. Akawaendea, akakuta kwamba hawafichi kitu. Wanajisifu! Ndipo akawaomba waigize katika filamu yale waliyoyafanya, kwa namna wanayotaka wao.

Mmoja wao ni mzee wa mji wa Medan, jina lake Anwar Congo. Tusishtuke, si ndugu yetu wa hapa, ni jina tu lililofanana. Ujanani alikuwa akilangua tiketi mbele ya nyumba ya sinema. Anasimulia kwamba walikuwa wakitoka kuangalia filamu ya kuchekesha na ya kuimba, wanavuka barabara wakicheza ngoma, wanaingia katika ofisi iliyokuwa ng'ambo, na huko wanaua watu. Namna nyingine za kuua walijifunza katika filamu za majambazi.

Sasa sikilizeni. Mzee huyu anapanda juu ya paa la nyumba ambapo aliwaulia watu. Anaonyesha namna alivyowanyonga kwa waya, kwa sababu kuwapiga kulimwaga damu nyingi na kuleta harufu. Akimaliza kuonyesha, anacheza ngoma pale pale. Baadaye wanamwonyesha picha hizo. Tunangoja aone haya. Lakini yeye anasikitikia nguo! Anasema suruali nyeupe haikufaa, na tena nywele zake zinahitaji kutiwa rangi.

Na bado mzee huyu si mnyama. Kuna mahali ambapo mjukuu wake ameumiza bata mdogo mguu, na babu anamfundisha kumpapasa na kumwomba msamaha yule bata. Yule yule babu! Hapo ndipo filamu inatusumbua sana. Tungemwona akitoa moshi puani na pembe kichwani, tungelala vizuri. Tungesema huyo ni shetani, sisi ni watu. Lakini tunamwona akimbembeleza bata.

Kazi ya Nathani

Sasa tufungue 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria. Amemtuma Uria mwenyewe arudi vitani na barua mkononi, na ndani ya barua hiyo imeandikwa shauri la kumwua. Uria amekufa, maombolezo yamekwisha, mwanamke ameletwa nyumbani mwa mfalme, mtoto amezaliwa. Daudi anaendelea kuketi na kuhukumu watu. Hakuna mahali tunapoona kwamba alikosa usingizi.

Bwana akamtuma Nathani. Nathani hakuanza na mashtaka. Alileta hadithi: tajiri mwenye kondoo wengi, maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyelelewa pamoja na watoto wake, na mgeni aliyefika kwa tajiri. Tajiri akauacha mfugo wake, akamchukua mwanakondoo wa maskini. Kwa maneno ya leo tungesema Nathani alimwonyesha mfalme filamu. Na Daudi akaiangalia vizuri sana. Alikasirika! Akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa.

Wapenzi, Daudi hakukosa wema. Alikuwa na huruma kwa mwanakondoo wa hadithi kama vile yule mzee wa Medan alivyokuwa na huruma kwa bata. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Ila haikufika kwa Uria. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu wa hadithi ile ni yeye mwenyewe, mfalme.

Filamu inayosumbua ikitumiwa vizuri, inafanya kazi ya Nathani. Inatuondolea imani moja tunayoipenda sana, kwamba watu wabaya ni aina nyingine ya watu. Wako upande wa pili wa mpaka. Ni wa kabila lile. Ni wa msitu ule. Hawajaokoka. Sisi tuko salama.

Lakini Bwana Yesu katika Marko 7 alisema ubaya unatoka wapi. Hakutaja kabila. Hakutaja upande wa mto. Alitaja moyo wa mtu, na katika orodha yake aliweka uuaji pamoja na wivu na matukano na kiburi. Yeremia 17:9 inafundisha jambo hilo hilo, kwamba moyo ni mdanganyifu na una ugonjwa mkubwa.

Sisi watu wa nchi hii hatuhitaji kwenda Indonesia kujifunza hayo. Mwaka 1994 jirani zetu wa Rwanda waliuana kwa siku kama mia moja, na watu waliokimbilia makanisani, kama vile Ntarama na Nyamata, waliuawa humo humo. Wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Hapa kwetu, Kasika mwaka 1998, Makobola mwisho wa mwaka huo huo, na vilima vingine ambavyo kila mmoja wetu anavijua kwa majina ya ndugu zake. Tuna haki ya kulia na tuna haki ya kudai hukumu. Lakini tukilia tu juu ya ubaya wa wengine, tunakuwa kama Daudi kabla Nathani hajamaliza hadithi.

Mbingu ya uongo

Katika filamu ile kuna sehemu moja ambayo tunaomba wahubiri wenzetu waifikiri sana. Mzee Anwar anatengeneza picha ya mbinguni. Kuna maporomoko ya maji, kuna wasichana wanaocheza, kuna muziki mtamu. Mtu anayeigiza aliyeuawa anatoa waya shingoni mwake, anamvika Anwar nishani, na kumshukuru kwa sababu alimwua na kumpeleka mbinguni.

Tukiona hilo tunasema: wazimu gani huu! Lakini tusiharakishe. Hiyo ni injili ya msamaha ambamo aliyeumizwa hana neno la kusema ila asante.

Je, katika makanisa yetu hatujawahi kuisikia injili hiyo? Mtu aliyeshika silaha msituni anaokoka. Tunamshukuru Mungu, kwa maana damu ya Yesu inatosha hata kwa huyo. Baada ya mwezi mmoja anapewa kipaza sauti. Anatoa ushuhuda: tuliteketeza kijiji hiki, tulifanya hivi, mimi nilikuwa mkali, waliniogopa. Anasimulia kwa nguvu, korali inangoja kuimba, kanisa linapiga vigelegele. Na katika benchi la nyuma kuna mama mmoja aliyetoka kijiji hicho. Anashika kitambaa chake kinywani. Hakuna anayemwangalia. Mwisho wa ibada anaambiwa asamehe upesi, kwa maana asiposamehe na yeye hatasamehewa.

Wapenzi, ushuhuda ambao muuaji ndiye shujaa wake, na waliokufa hawana majina, haujatofautiana sana na ngoma ya juu ya paa. Tena kuna ule usemi wetu tulioupenda: ni shetani aliyenidanganya. Shetani yupo, tunamjua, tunamkemea kwa jina la Yesu. Lakini Nathani hakumwambia Daudi kwamba mtu wa hadithi ile ni shetani.

Juu ya paa mara ya pili

Kadiri filamu inavyoendelea, mzee anataka kuigiza nafasi ya aliyeuawa. Anaketi kitini, wanamfunga macho, wanamtia waya shingoni. Ghafula anashindwa. Baadaye akiangalia picha hizo nyumbani, akiwaita na wajukuu waangalie, anauliza kama wale watu walisikia vile yeye alivyosikia. Mwongozaji anamjibu kwamba wao walisikia vibaya zaidi, kwa sababu yeye alijua ni mchezo, lakini wao walijua kwamba wanakufa.

Mwisho wa filamu anapanda tena juu ya paa lile lile. Safari hii hachezi. Mwili wake unaanza kutaka kutapika. Anainama, anatoa sauti ya kutisha, lakini hakuna kinachotoka. Kisha anashuka ngazi polepole, anaondoka.

Watu wengi waliuliza: je, alitubu? Moyo wa mtu ni wa Mungu kuuhukumu. Mzee huyo alifariki mwaka 2019. Lakini juu ya lile tulilolionyeshwa tunaweza kusema neno moja: kutapika si kutubu. Mwili unaweza kuikataa dhambi huku mtu mwenyewe bado hajamgeukia yule aliyemkosea. Yuda alisikitika sana, akarudisha fedha, akaenda kujinyonga. Petro naye alilia kwa uchungu. Tofauti yao si wingi wa machozi. Petro alibaki na wenzake mpaka Bwana alipofika pwani kumwuliza swali.

Angalieni Zakayo katika Luka 19. Alisimama mbele ya watu, akasema atawapa maskini nusu ya mali, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mtu anayerudisha mara nne lazima ajue amemdhulumu nani, na kiasi gani. Lazima aende mpaka mlangoni. Hapo ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa: mtu aliyemwaga damu akiokoka, mkaribisheni, mfundisheni, mwombeeni. Lakini msimpe kipaza sauti kabla ya kumsaidia kutaja majina. Na kama sheria ya nchi inamtafuta, msimfiche nyuma ya madhabahu. Na mama yule wa benchi la nyuma, mpeni nafasi ya kusema kwanza, mahali pa siri, pamoja na mama wenzake, bila haraka. Msamaha wake ni zawadi. Haudaiwi kama deni.

Je, hakuna wema?

Sasa turudi kwa swali la vijana. Kama hayo yote ni kweli, je, binadamu hana wema?

Biblia inasema mambo mawili, na tusiachilie hata moja. Mwanzo 1 inafundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwanzo 4 inaonyesha kwamba mtoto wa kwanza kuzaliwa na mwanamke alimwua ndugu yake shambani. Kati ya sura hizo mbili hakuna kurasa nyingi. Anayeshika ya kwanza peke yake atadanganywa siku moja na jirani mwenye tabasamu. Anayeshika ya pili peke yake hatamwamini mtu tena, wala hatakuwa na kazi ya kufanya katika kijiji chake.

Oppenheimer alitoa filamu ya pili mwaka 2014, The Look of Silence. Humo kuna mtu anayeitwa Adi, ambaye kaka yake aliuawa katika mambo yale, kabla Adi hajazaliwa. Kazi yake ni kupima macho na kutengeneza miwani. Anawaendea wauaji wazee, anawawekea kioo kimoja baada ya kingine mbele ya macho, na huku anawauliza juu ya siku zile. Wengi wanakasirika. Wanasema yaliyopita yamepita. Lakini katika nyumba moja, binti wa muuaji anasikia kwa mara ya kwanza mambo ambayo baba yake alifanya. Baba sasa ni mzee, akili imechoka. Binti huyo anashtuka, na kisha anamwomba Adi msamaha kwa niaba ya baba yake. Wanakumbatiana.

Binti huyo hakuua mtu. Angeweza kusema hayamhusu. Hatuelezi jambo hilo bila kusema kwamba mfano wa Mungu umeharibika ndani ya mtu, lakini haukufutika.

Na hapa kwetu je? Wengi wenu mnajua filamu ya Thierry Michel ya mwaka 2015 juu ya Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, na kazi yake huko Panzi, Bukavu. Serikali ya wakati ule iliikataza kwanza, halafu ikairuhusu. Filamu hiyo inaumiza. Lakini ndani yake kuna akina mama walioharibiwa na watu, na wanasimama tena. Watu waliwaangusha, na watu pia waliwainua. Neema ya Mungu inapita katika mikono ya watu.

Basi vijana, jibu letu ni hili. Imani yetu haikujengwa juu ya wema wa binadamu. Kama ingejengwa hapo, filamu moja tu ingeiangusha. Imejengwa juu ya Yule aliyejua yaliyomo ndani ya mtu, na bado akaja. Alisulubiwa na watu wa kawaida: askari wa zamu, hakimu mwenye hofu, na watu waliopita njiani wakitikisa vichwa.

Mashauri machache

Watoto wasiangalie filamu hizi. Pia yeyote aliyepita katika vita na bado anaota usiku, hana lazima ya kuziangalia. Yeye amekwisha kuona vya kutosha, na hakuna dhambi katika kukataa. Wengine waangalie pamoja, si kila mtu peke yake na telefoni yake chini ya blanketi. Kisha wazime, waketi, wazungumze. Na swali la kwanza lisiwe: wale watu ni wabaya namna gani? Swali liwe: ni mahali gani katika hadithi hii nimejiona mimi? Labda si kwa yule anayeshika waya. Labda ni kwa yule anayecheka pamoja naye, au yule aliyefunga dirisha ili asisikie.

Jina la Uria

Tunamaliza na Mathayo 1:6. Daudi alitubu kweli, na Bwana akaiondoa dhambi yake. Lakini miaka kama elfu moja ikapita, na Mathayo akaandika ukoo wa Yesu. Alipofika kwa Sulemani, hakumtaja mama yake kwa jina lake. Alimwita mke wa Uria. Daudi amesamehewa, na jina la Uria bado limeandikwa, tena katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, ili kila anayemtafuta Yesu apite hapo.

Mungu wetu husamehe muuaji bila kumsahau aliyeuawa. Nasi tujifunze hivyo.

Tuombe. Baba Mungu, Wewe unajua majina ya wote waliolala katika vilima vyetu. Wafariji waliobaki. Utume Nathani kwetu, hata kama atakuja kwa njia tusiyoizoea, na utupe moyo wa kumsikiliza mpaka mwisho. Aliyemwaga damu, mpe nguvu ya kwenda mpaka mlangoni. Sisi sote tusafishe kwa damu ya Mwana wako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.